Gichiaro Haina Utani

Siku ya kwanza kazini nilipewa buti mbili ambazo hazijuani. Moja namba nane, ingine namba kumi. Nikamwambia koplo wa stoo, yule wa kugawa nguo na vyombo, kwamba hizi buti si za baba mmoja. Akaniangalia kutoka kichwa mpaka chini.

"Buti ya serikali haina makosa," akasema. "Makosa iko kwa mguu yako. Songa mbele, wacha mtu mwingine."

Nikasonga. Mguu wa kulia ulilia mwaka mzima na wa kushoto ukaogelea. Basi nyinyi vijana mkiniona natembea hivi kama bata, msiseme ni uzee. Ni serikali.

Hiyo ilikuwa Embu, wakati wa emajensi, ile vita ya wazungu na watu wa msitu. Mimi nilikuwa kijana wa Kianjai, upande wa Meru, darasa nne kichwani na mdomo ambao haulali. Sikuenda jeshi kwa kupenda vita. Nilikuwa nimetumwa sokoni kuuza mbuzi. Nikakuta meza, mzungu mmoja na sajini mmoja, wanatafuta vijana wanaojua Kiswahili na Kimeru. Maofisa walijua Kiingereza, masajini walijua Kiswahili, wananchi walijua Kimeru, sasa vita yote ilikuwa imekwama hapo katikati ikitafuta mtu wa kutafsiri. Nikasomeshwa mistari mitatu ya gazeti, wakaandika jina langu. Mbuzi alirudishwa nyumbani na jirani. Mimi sikurudi.

Pale Embu tulifundishwa kwata, yaani kutembea kama mti uliopata miguu. Tulifundishwa kufungua bunduki, kupitisha kitambaa cha mafuta ndani ya mtutu kwa kamba, na kuangalia kama unaona mwangaza upande ule mwingine. Ukikutwa na kutu unakimbia kuzunguka uwanja bunduki ikiwa juu ya kichwa. Nilikimbia mara nyingi. Si kwa kutu, kwa mdomo. Sajini wetu alikuwa mtu mkubwa kutoka mbali, upande wa ziwa, alikuwa amepigana vita ya Wajapani. Akanipa jina wiki ya kwanza.

"Wewe si askari," aliniambia. "Wewe ni redio. Mtu anazima wapi?"

"Afande, mwenye duka hakunionyesha."

Nikakimbia uwanja. Lakini nilimwona ameficha meno na mkono. Kutoka hapo kila mtu aliniita Redio.

Baada ya mafunzo tukapelekwa kambi ya Kibirichia, chini ya msitu wa mlima. Kama unajua Kibirichia ya viazi, basi unajua baridi yake. Ukungu unashuka saa tisa mchana kama umetumwa. Kambi ilizungushwa handaki refu kuliko mtu, na chini ya handaki tulipanda miti iliyochongwa ncha ikiangalia juu. Kuingia ilikuwa kwa daraja la mbao ambalo linainuliwa kwa kamba. Ndani kulikuwa na mahema, jiko, mnara wa mlinzi, ofisi ya Bwana Kapteni, na seli. Hiyo seli ilikuwa chumba cha mabati, hakina dirisha. Mchana ni tanuri, jioni ni barafu.

Siku ya askari ilikuwa hivi. Firimbi saa kumi na moja. Unakunja blanketi mara nne, kona zikutane, juu yake unaweka kikombe na sahani. Sajini anapita kukagua. Akiona kona moja haijakutana na mwenzake anatupa yote kwa matope. Halafu chai ya rangi, kikombe kimoja. Halafu doria, yaani kuingia msituni mmoja nyuma ya mwingine, hakuna kukohoa, hakuna sigara, unaangalia mgongo wa mwenzako masaa sita. Mchana ugali na maharagwe. Halafu lindo, masaa mawili juu ya mnara, manne chini. Halafu unasafisha bunduki ambayo haikupiga kitu. Kesho tena.

Watu wanafikiria vita ni risasi. Vita ni kungoja umelowa. Na mara moja kwa mwezi ni kitu ambacho huwezi kusema nyumbani. Sisi tulipiga ng'ombe wa watu tukifikiria ni adui. Siku ingine, ndani ya ukungu, doria yetu ilikutana na doria yetu ingine. Tulizika wawili. Nilisema kitu cha kuchekesha pale kaburini, sikumbuki ni nini, na watu walicheka, na hakuna mtu aliyeniangalia usoni mpaka kesho yake.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kamili. Bunduki ilikuwa ya kando. Kazi ilikuwa mdomo.

Wananchi walikuwa wamehamishwa kutoka mashamba yao, nyumba zikachomwa, wakawekwa kwa kijiji kimoja chenye waya. Walifunguliwa masaa machache kwenda kuchimba viazi, na kipande mkononi, kile kitabu cha ruhusa. Siku ya kuchujwa, yaani kutafuta nani anasaidia watu wa msitu, walipitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyevikwa gunia kichwani, gunia lenye mashimo mawili ya macho. Gunia likitikisa kichwa unawekwa upande wa seli. Lisipotikisa unaenda nyumbani. Mimi nilisimama kando ya meza ya Bwana Kapteni kutafsiri.

Bwana Kapteni alikuwa kijana tu, mwembamba. Asubuhi alinyoa ndevu nje ya hema, na mkono wake ulitetemeka mpaka alijikata. Siku moja alituita paredi pamoja na watu wa kijiji, akasoma sheria kwa karatasi. Mimi nikaitafsiri kwa Kimeru, kwa sauti, neno kwa neno: mtu akishikwa amewapa chakula watu wa msitu, anaweza kunyongwa. Nilisema vizuri. Hata wazee wa nyuma walisikia. Lakini si wote walikuwa hapo. Wengine walikuwa shambani na kipande chao.

Wiki mbili baadaye wakaletwa watu sita, na kati yao mzee mmoja anaitwa M'Limbine. Gunia lilikuwa limetikisa kichwa kwake. Wale wengine watano waliongea haraka, ya kweli na ya uongo, ndio wapunguziwe. M'Limbine hakusema kitu. Siku nne. Koti lake refu la zamani amelifunga na kamba, amekaa kwa mabati kama mtu anangoja mvua iishe.

Siku ya tano nilikuwa lindo la mlango wa seli, saa nane mchana. Nikampa maji kwa kikombe changu. Akakunywa, akaniuliza kwa Kimeru, "Kijana, wewe ni wa ukoo gani?"

Nikamtajia. Akaweka kikombe chini polepole. Akanitajia wake, na ulikuwa ukoo wa gichiaro na wetu. Nikashusha bunduki.

Nyinyi wa siku hizi mnauliza mtu kama ako na simu gani. Sisi tuliuliza ukoo, kwa sababu ya gichiaro. Zamani sana koo mbili zilikuwa zinakula kiapo zinakuwa kama zimezaliwa tumbo moja. Kutoka hapo wewe na mtu wa ukoo ule hamwezi kumwagana damu. Hamwezi kunyimana, akikuomba ng'ombe ya mwisho unafungua zizi. Na hamwezi kudanganyana. Ukimdanganya, laana inashika, na hakuna wa kuitoa isipokuwa yeye mwenyewe akutemee mate ya baraka. Baba alinifundisha hiyo kabla ya kunifundisha kuchunga.

M'Limbine akacheka kidogo. Alikuwa na meno mazuri kuliko umri wake. "Kumbe serikali iliniletea ndugu, na mimi nalalamika."

"Mzee, kama ndugu ndio huyu, lalamika tu," nikamwambia.

Akacheka tena. Tulikaa hivyo. Akanieleza habari ya mke wake, mama Kagendo, na Kagendo mwenyewe, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Hakuniuliza kitu siku hiyo.

Sajini alikuwa ametuona. Jioni akaniita nyuma ya jiko.

"Redio, huyu mzee anacheka na wewe. Kwa nini?"

"Afande, mimi nachekesha."

"Sawa. Sasa fungua mdomo yake. Akubali mbele ya Bwana Kapteni ndio faili ifungwe. Akikubali, unapata likizo siku nne, unaona mama yako. Akikataa..." Akaangalia ile seli, akaniangalia. "Askari wa hapa wanaocheka na wafungwa, mimi sijui wanacheka nini. Bwana Kapteni pia hajui. Unaelewa?"

Nilielewa. Miezi nane nilikuwa sijaona nyumbani. Nilikuwa nimesikia wamehamisha watu wetu pia na mama analala chini ya turubai. Na nilielewa ile ya pili zaidi. Mabati yale yalikuwa na nafasi ya mtu mwingine.

Kesho yake saa nane nikachukua lindo. M'Limbine akasogea karibu na mlango.

"Mwana wetu, nakuuliza kwa gichiaro," akasema. "Walikuja watu watatu kwangu wakati wa jua kuzama, wamepita chini ya waya. Walikuwa wamekonda, mmoja ni kijana wa jirani. Wakaomba chakula, tukawapa viazi vya kuchemsha. Mtu wa njaa akibisha, nimuulize kipande? Sasa wewe unajua hawa wazungu. Nikisema hivyo, nitarudi nyumbani?"

Vijana, hapo ndipo nilikuwa na kazi ya kweli, siku moja kwa maisha yangu yote. Neno moja tu. Hapana. Ningesema hapana, angenyamaza, na hawakuwa na kitu kingine juu yake isipokuwa gunia lililotikisa kichwa. Watu wengi walinyamaza hivyo wakafungwa miaka, lakini walirudi.

Nikasema, "Mzee, ukisema hivyo, Bwana Kapteni mwenyewe atakukaangia chapati. Halafu utapakiwa kwa lori mpaka mlangoni, mama Kagendo afikirie umekuwa chifu."

Nilisema nikicheka. Nilikuwa nimejiambia usiku mzima kwamba utani si uongo. Mtu mwenye akili anajua chapati ya mzungu ni maneno. Kama ataelewa, ni sawa, sikumdanganya. Kama hataelewa, ni yeye. Nilijitengenezea mlango wa kutokea, nikauona ni mzuri, na nikajisifu.

Lakini mtu wa gichiaro hapimi maneno yako. Hana sababu ya kupima. Nilisahau hiyo, ama nilikumbuka. M'Limbine aliniangalia, uso ukafunguka wote. "Asante," akasema. "Sasa nitalala."

Asubuhi akasimama mbele ya meza, akafunga kamba ya koti vizuri, akasema yote. Watu watatu, viazi, sufuria ilikuwa kubwa namna gani, waliongezwa mara mbili. Mimi nikatafsiri neno kwa neno. Bwana Kapteni akaniuliza, "Una hakika amesema ameongeza mara mbili?" Nikasema ndiyo, Bwana. Akaandika. Mkono wake siku hiyo haukutetemeka. Sajini alinipiga bega.

Lori liliondoka kesho yake asubuhi kwenda Embu, na mimi nikawekwa nyuma na bunduki, kumlinda. Sajini alikaa mbele na dereva. M'Limbine alipanda mwenyewe, hata akanipa mkono nimvute. Nyumbani kwake ilikuwa karibu na kambi, unafika na miguu kabla ya chai kupoa. Lori likageuka upande ule mwingine. Akaangalia barabara ya kwao inaenda nyuma. Tukapita Meru mjini, tukaanza kushuka na kupanda ile mito yote. Vumbi lilikuwa jingi. Mimi nilikuwa nakunywa maji kila dakika, kwa sababu mtu akinywa hawezi kuongea.

Tulipovuka mto Thuci, pale Meru inaisha na Embu inaanza, ndipo akafungua mdomo.

"Tumetoka kwetu."

"Ndio, mzee."

"Na ile chapati?"

Nikaangalia buti zangu. Ile redio, ambayo kambi nzima ilishindwa kuizima, ilizimika.

Hakunitukana. Ningependa sana angenitukana. Akasema tu, kama mtu anarekebisha mtoto, "Mwana wetu, gichiaro haina utani."

Nikapiga magoti hapo kwa mbao za lori, na bunduki na kila kitu. Nikamwambia, "Mzee, nitemee mate. Niko chini yako, nitemee."

Mzee aliinama kwangu. Halafu akasogeza ulimi ndani ya mdomo, akajaribu. Mdomo ulikuwa umekauka kama majivu, na midomo yake imepasuka kwa vumbi. "Sina mate," akasema. "Nipe maji kwanza."

Nikatoa chupa yangu ya maji kwa mshipi. Nikaigeuza. Ilikuwa tupu. Nilikuwa nimeimaliza yote peke yangu, kwa kuogopa.

Nikagonga bati la mbele lori lisimame mtoni. Sajini akapiga kelele kwa dirisha, "Nini?" Nikasema maji ya mfungwa. Akasema, "Atakunywa Embu." Lori halikusimama.

Langoni kwa jela wakamshusha. Akafungua kamba, akavua koti, akanipa. "Pelekea mama Kagendo. Usitume mtu, fika wewe. Na umwambie vile ilikuwa." Hiyo ni kuombwa kwa gichiaro, huwezi kukataa. Nikasema nitaenda. Akageuka kuingia, halafu akaniambia, "Ukipita tena hapa, kuja na maji."

Sikumwona tena. Sajini alitimiza ahadi, nikapewa ile likizo siku nne. Niliichukua. Nilienda Kianjai, mama akanikumbatia, akanipa kila kitu alichokuwa nacho chini ya turubai, na nikala. Miezi mitatu ikapita kabla nipate safari ingine ya Embu. Nilijaza chupa mbili siku hiyo, sikukunywa hata tone. Askari wa lango akaangalia kitabu chake. "Huyo alishamalizwa," akasema. Nikauliza amezikwa wapi. Akasema huko ndani, hakuna alama, na mimi ni nani kwake? Nikarudi kwa lori na chupa zangu.

Koti nilikaa nalo miaka miwili chini ya kitanda. Kila ukaguzi Sajini aliliona. Alilipita. Hata siku moja hakulitupa kwa matope.

Nilipoachishwa jeshi nikaenda Kibirichia na hilo koti. Mama Kagendo alikuwa amerudi shambani, kibanda kipya, anachimba viazi, na mtoto anakusanya nyuma yake. Aliliona koti kabla ya kuniona mimi. Nikamwambia ukoo wangu na jina langu. Nikaeleza kila kitu, isipokuwa sehemu moja nilisema haraka haraka, kwamba nilimpa mzee "maneno mabaya."

Aliniacha nimalize. Halafu akauliza, "Alikuuliza kwa gichiaro?"

"Ndio."

"Na mimi niko kwa nyumba yake. Nakuuliza kwa gichiaro. Ulipomwambia hivyo, ulikuwa unajua watamnyonga?"

"Nilijua," nikasema.

Akakaa chini kwa udongo. Kagendo akaja akasimama karibu naye na kiazi kwa kila mkono. Mama yake akavichukua vyote viwili. Halafu akainuka, akaingia jikoni, akawasha moto. Akaniletea sahani ya viazi vya kuchemsha na chumvi kando.

"Mtu wa gichiaro hawezi kutoka kwangu na njaa," akasema. "Kula."

Chakula cha gichiaro hakikataliwi. Nilikula. Akaongeza. Nikala tena.

Nilipata kazi ya askari wa lango kwa Mwislamu mmoja wa malori ya kubeba viazi pale Meru mjini, na huko ndiko nilikaa mpaka nikazeeka nikastaafu. Nilipewa saa ya mezani na blanketi. Miaka hiyo yote, kila mavuno ya viazi, lori la tajiri lilikuwa linarudi kutoka Kibirichia na gunia moja limeandikwa jina langu. Hakuna barua ndani. Mama Kagendo alituma mpaka alipokufa. Nilifikiria sasa imeisha. Mavuno yaliyofuata gunia likaja. Lilikuwa la Kagendo. Mama yake alikuwa amemwambia kitu kimoja tu, kwamba yule mzee wa Meru ni wa gichiaro, usimnyime.

Nimeuliza wazee wanaojua mambo haya kama kuna njia ingine ya kuoshwa. Wote wananiambia kile najua. Ni yeye, na yeye hana kaburi.

Nyinyi vijana mnapenda kukaa na mimi kwa sababu nachekesha. Ni kweli, bado nachekesha. Mnataka kujua kazi ya jeshi ilikuwa namna gani, nimewaambia: kukunja blanketi, kusafisha bunduki, na kutafsiri.

Gunia la mwaka huu limefika wiki jana. Juzi Kagendo akapiga simu, na yeye sasa ni nyanya, ana wajukuu.

"Mzee, viazi vilifika?"

"Vilifika."

"Ni vitamu? Mvua ilikuwa nyingi, niliogopa vitakuwa maji."

Nikamwambia ukweli. "Ni vitamu sana."

Halafu nikashika simu na mikono miwili, nikangoja aniulize lile lingine, lile mama yake aliniuliza. Nilimsikia anapumua. Nyuma yake kuku walikuwa wanalia.

"Haya basi," akasema. "Kula, mzee."